Kidundo cha Mtani

1

Waliniomba kwa jina. Barua ya Ofisi ya Mgao wa Maji, Bonde la Ligoha, ilisema mtandao wao unakatika ovyo, mafundi watatu wameshapita na hawakuona kitu, hivyo wanaomba waletewe Leokadia Kikoti, yule Mhehe wa Iringa. Kwa ujinga wangu nilivimba kichwa. Nilidhani sifa zangu za kazi zimevuka Njombe na kufika Songea. Nilimsomea mume wangu barua hiyo mara mbili wakati anakula, naye akaniuliza kwa nini wameandika kabila. Nikamwambia ale chakula chake.

Ofisi yenyewe ni nyumba ndogo nje ya mji, ina watumishi watatu, kompyuta sita na kabati moja la chuma lenye rauta na swichi. Ukiiona hudhani kwamba vijiji kumi na vinne vinakunywa kwa ruhusa yake. Lakini ndivyo ilivyo tangu koki zilipoondolewa mikononi mwa watu kwa sababu ya wizi wa maji. Kila sekunde thelathini koki ya kila kijiji inauliza ofisini kama iendelee kuwa wazi, na ofisi inajibu iendelee. Ikiuliza mara tatu bila kujibiwa, inaamini kuna mwizi aliyekata mawasiliano, inajifunga yenyewe, na kuifungua tena kunataka dakika arobaini na saini ya mkuu wa ofisi.

Kiangazi kile zilikuwa zinajifunga mara nne hadi tano kwa siku. Siku niliyofika, akina mama watatu kutoka bondeni walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, mmoja amepakata ndoo tupu. Aliniambia hawakuja kulalamika, wamelalamika vya kutosha. Wamekuja ili waonekane. Mdogo wake alijifungua juzi, na zahanati ikamwogesha mtoto kwa maji ya chupa waliyochangishana majirani.

Mkuu wa ofisi, Mama Theofrida Nyoni, alinipokea kwa heshima iliyozidi kiasi, utafikiri nimekuja kuposa. Gaspari Haule, mtunza kumbukumbu, mtu mkimya wa makamo, alinibebea begi bila kuniangalia usoni. Kisha akatoka chumba cha ndani mzee mrefu mwenye koti la kijivu, akasimama mlangoni akanipima kwa macho.

"Kamwene, mtani," akasema kwa salamu ya kwetu. "Umekuja na mbwa wako, au umeshamla njiani?"

"Nimemwacha nyumbani," nikamjibu. "Niliambiwa nakuja kwa Wangoni, nikaogopa mtamteka."

Huyo ndiye Mzee Otmari Mbano, mpanga mgao, miaka thelathini na moja kazini, aliyekuwa akizungusha koki kwa mikono kabla koki hazijapewa akili. Mhehe na Mngoni ni watani, kila mtu anajua. Babu zetu walichinjana vitani, na tangu hapo wajukuu tumepewa ruhusa ya kuambiana lolote bila kununiana, na kuzikana bila kulia. Kila upande unadai ulishinda vita ile. Mzee Mbano alinipa habari za ushindi wao kabla hata sijakaa.

2

Mtandao uliokufa kabisa si kazi. Unaufuata waya mpaka unaikuta maiti. Unaokatika na kurudi ndio unaomtoa fundi jasho, kwa sababu kila ukiuangalia unakuwa mzima, unakutazama tu, na watu wa ofisi wanaanza kukutilia shaka wewe.

Nilianza na waya. Nilizikata ncha zote nikazifunga upya. Nikabadilisha swichi, nikapima umeme, nikahakikisha hakuna kompyuta mbili zinazogombea anwani moja. Mtandao ukakatika vilevile. Ndipo nikaweka kompyuta yangu mpakato mezani iwe inaipigia rauta salamu kila sekunde, na kila inapokosa jibu ilie mlio mmoja na kuandika saa. Kando yake nikaweka daftari, nikawa naandika kwa mkono kinachotokea ofisini wakati huo: nani kaingia, nani kawasha birika la umeme, nani anachapa.

Saa tatu na dakika nane, Mzee Mbano karudi, alipanda mlima mpaka tangini. Saa nne na nusu, chai. Saa saba kasoro, Mzee Mbano anagombana kwa simu na mwenyekiti wa kijiji. Niliyaandika yote hayo kwa mkono wangu na sikuyasoma. Nilikuwa natafuta birika.

Gaspari alikuja mara mbili na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu akitazama daftari. Mara ya pili akaniuliza kama nimeshaona. Nikamuuliza nione nini. Akaondoka na chai yake.

Nilipoomba kumbukumbu za miezi iliyopita, alikuwa ameshazichapa. Alinipa kabla sijamaliza sentensi. Jumapili zote hazikuwa na tatizo. Wiki mbili za mwezi wa sita hazikuwa na tatizo. Nikamuuliza mwezi wa sita kulikuwa na nini.

"Watu walikuwa likizo."

"Watu gani?"

"Watu," akasema, akarudi mezani kwake.

3

Siku ya tatu, saa ya chai, tulikuwa wote wanne mezani. Mzee Mbano alikuwa anatusimulia kwa mara ya sita jinsi babu yake alivyowafukuza Wahehe mpaka wakavuka mto. Nikamwambia habari hiyo ni ya kweli, ila babu yake ndiye aliyekuwa mbele. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuinama, cha kupiga meza kwa kiganja. Kompyuta yangu ikalia.

Nilikimbilia kabatini, taa zote za swichi zinawaka kijani, kila kitu kizima, na hakuna kinachopita. Dakika mbili. Mtandao ukarudi wenyewe, koki zimeshajifunga, na Mzee Mbano akaenda kuzifungua moja moja huku anahema na kuwatukana waliozitengeneza.

Jioni, kabla ya kufunga, alipita na koti lake akiniuliza kama nimeshindwa nirudi kwetu. Nikamwambia siwezi kuondoka, nikiondoka nani atamfundisha Mngoni kunawa. Akacheka tena, akashika mlango. Kompyuta ikalia.

Safari hii sikukimbilia kabatini. Niliwatazama wenzake. Gaspari alikuwa ameangalia chini. Mama Theofrida alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, kama mwalimu anayengoja mtoto mzito asome neno lililo ubaoni.

Nikafungua ujumbe wote uliopita mtandaoni dakika ile. Kulikuwa na kifaa kimoja ambacho hakikuwa kwenye orodha yangu, kisicho kompyuta wala koki wala simu. Kilikuwa kimetuma sentensi moja ileile mara elfu nne kwa dakika, kikimwita mtu asiyeitika. Nilivyoona namna ya anwani yake nilijua ni kidundo.

Sihitaji kumweleza mtu yeyote wa umri wangu kidundo ni nini. Watumishi wa huduma za lazima, wa maji, umeme na zahanati, waliokuwa na mioyo mibovu, walipandikizwa vyombo hivyo kifuani ili wabaki kazini. Kidundo kinausaidia moyo kudunda, na kikiona hali mbaya kinapiga hodi kwa kituo chake kupitia mtandao wowote ulio karibu. Sheria inautaka mtandao ukipishe, kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani. Kituo kinajibu kwa kufumba na kufumbua, daktari anaona, mgonjwa anapigiwa simu aende hospitali, kidundo kinatulia. Hakuna mtu anayehisi kitu.

Cha Mzee Mbano kilikuwa cha toleo la kwanza. Kampuni iliyovitengeneza ilifunga kituo chake miaka miwili iliyopita, ikaondoka na funguo zake. Kidundo hakikujua. Kilipiga hodi, hakikujibiwa, kikapiga tena kwa nguvu zaidi, na ofisi nzima ikasimama kukipisha. Koki kumi na nne zikauliza mara tatu na kujifunga. Na yeye mwenyewe alidhani ni uzee unaompa pumzi fupi.

4

Nilimfuata Mama Theofrida nje, juu mpaka tangini. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haki ya kuwa nayo.

"Mama, mlijua."

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Gaspari ndiye aliyeona. Mzee akienda likizo, maji hayakatiki."

Aliniambia mengine huku anafuta miwani yake. Mzee Mbano ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili. Ndiye aliyemzika baba yake Gaspari. Utamwambiaje mtu wa namna ile kwamba watoto wa bondeni wanakosa maji kwa sababu ya kifua chake? Wakitoa taarifa, kanuni iko wazi: mwenye kidundo kisicho na kituo anasimamishwa siku hiyohiyo, na akishasimamishwa si mtumishi tena, anapangwa kwenye foleni ya wananchi wengine, miaka minne. Lakini akienda mwenyewe hospitali ya rufaa kabla hajaripotiwa, akaomba kubadilishiwa kwa mkono wake mwenyewe, anabadilishiwa akiwa kazini. Miezi mitano tu, na wakati anangoja wanamwekea cha kushikiza. Basi kilichotakiwa ni mtu mmoja wa kumwambia.

"Sasa mimi mmeniita nifanye nini? Mimi ni fundi wa mtandao."

"Wewe ni mtani wake," akasema Mama Theofrida. "Umwambie. Likitoka kwako halitamwua."

Nikaikumbuka ile barua, na jinsi nilivyoisoma kwa sauti mezani. Hawakuwa wameomba fundi. Walitafuta kwenye orodha ya makao makuu Mhehe yeyote mwenye kisanduku cha vifaa, wakalikuta jina langu. Niliona aibu, na aibu ile ilinipa kiburi cha kijinga: nikasema haya, kesho nitawaonyesha kazi.

5

Ningemchukua pembeni. Ningemwomba tupande wote mpaka tangini, polepole, nimkalishe kwenye jiwe nimweleze. Nimeshayapanga maneno hayo mara nyingi mno, hayana kazi tena.

Nilimwambia saa ya chai, mbele ya wenzake, kwa sababu utani unataka watu. Nikasema nimempata mwizi wa maji ya vijiji kumi na vinne, na mwizi huyo ana koti la kijivu.

Mzee Mbano akaweka kikombe chini akijiandaa kufurahi. Nikamwambia anaye mwizi kifuani. Kidundo chake ni yatima, mama yake kafunga nyumba kahama, nacho kinagonga mlango mchana kutwa kama mlevi, kinawazuia wote kupita. Nikamwambia aende hospitali ya rufaa wiki hii hii, akaombe kingine kwa mkono wake.

"Mhehe ameshindwa kazi," akawaambia wenzake, "sasa anausingizia moyo wa Mngoni."

Akacheka, akapiga meza. Kompyuta ikalia. Nikainyooshea kidole, nikamwambia unasikia, ndiwe wewe huyo, cheka tena uone. Akacheka zaidi, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ukimwona mtu yule anacheka ulikuwa huwezi kujizuia. Gaspari na Mama Theofrida hawakucheka. Walikuwa wanangoja.

Alipomaliza alijifuta macho kwa kona ya koti, akanitazama. Kwa muda kidogo uso wake haukuwa na mchezo.

"Mtani," akasema, "siku utakayoacha utani ndiyo siku nitakayoogopa."

Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nilitakiwa kuunyoosha mdomo wangu na kusema, nimeacha. Alikuwa anauliza, leo ninaapa alikuwa anauliza. Lakini nikamwona yule mzee vile angekuwa dakika inayofuata, ameshika kifua, amejua, anatazama wale wawili na kuelewa kwamba walijua mwaka mzima. Sikuweza kumfanyia hivyo mbele yao.

"Basi usiogope," nikasema. "Mhehe haachi."

Akanipiga begani, akaenda kufungua koki zake.

6

Mchana ule akina mama wa benchi walirudi, safari hii saba. Simu ya Mama Theofrida haikunyamaza. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alisema wameanza kuchota mtoni, kwenye yale maji ya chini ambayo kila mtu anajua yana nini, na kwamba akipoteza mtoto mmoja atakuja na maiti ofisini. Walinitaka niwape maji. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Kukizuia kidundo kisiingie mtandaoni ni mstari mmoja wa maandishi, lakini kingeendelea kupiga kelele ndani ya kifua mpaka kimalize betri, na hilo ni kuua. Kutoa taarifa ni kumpeleka kwenye foleni ya miaka minne. Ikabaki njia ya tatu, ambayo sikufundishwa na mtu, niliibuni mwenyewe, na nilijivunia nilipoibuni. Niliweka kwenye kompyuta ndogo kabatini kituo cha uongo. Kidundo kikipiga hodi, kompyuta ile inajibu kwa lugha yake: karibu, umesikika, daktari ameona, mgonjwa ameshaitwa, tulia. Toleo la kwanza haliulizi anayejibu ana funguo gani; likishajibiwa mara moja linaikumbuka anwani hiyo, na popote lilipo linapiga hodi hapohapo.

Nilijua maana yake. Kidundo kikiambiwa mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali, hakijitumi tena kupita kiasi, kinatunza nguvu kingoje mikono ya daktari. Nilikuwa nakidanganya chombo ambacho kazi yake pekee ni kumwamini anayejibu. Lakini nilijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka Gaspari au Mama Theofrida wapate ujasiri, au mimi nimpigie simu nikiwa Iringa, maana simuni ni rahisi zaidi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kalenda.

Nilijaza fomu. Chanzo cha tatizo: kifaa cha nje kisichojibiwa. Hatua iliyochukuliwa: kimejibiwa. Maelekezo ya namna nilivyofanya niliyaambatanisha, kwa kurasa mbili, kwa maringo. Hali ya sasa: tatizo limekwisha. Mama Theofrida alisaini bila kuuliza swali hata moja, na nilimchukia kwa kutouliza. Mzee Mbano alinisindikiza kituo cha basi akiniambia kumbe Wahehe wana akili, ni kwamba tu wanaificha. Nilimtania njia nzima. Alicheka, akasimama kupumua, akacheka tena. Nikapiga simu ofisini kuuliza hali ya mtandao. Gaspari akasema haujayumba.

Sikumpigia mzee simu. Siku ya kwanza nilikuwa na uchovu. Siku ya tatu nilikuwa na kazi Mafinga. Siku ya saba nilishika simu nikaona nitaanzaje.

Siku ya kumi na moja alipiga Gaspari. Mzee Mbano alikuwa amekaa mezani kwake, mchana, anapanga mgao wa kesho. Aliinamisha kichwa kama anasoma, na Gaspari alikaa mbele yake robo saa nzima bila kujua. Zamani angejua, kwa sababu kila kitu kingesimama.

"Mtandao ulikuwa mzima," Gaspari akasema. Alirudia mara mbili, na sikujua kama ananilaumu au anajitetea.

7

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, Bombambili. Mama Theofrida alinisubiri barabarani, akanivuta pembeni kabla sijaingia. Nilidhani anataka tulie. Alitaka kunipa habari. Makao makuu walikuwa wameisoma ripoti yangu. Tatizo lile lilikuwa kwenye ofisi nyingine kumi na tisa, hawakuwa wamepata ufumbuzi, na sasa wamepata. Maelekezo yangu yalitumwa kote tangu Jumatatu iliyopita. Jina langu limeandikwa juu.

Nikamuuliza ofisi hizo zina vidundo vingapi. Alisema hajui. Rika la Mzee Mbano lilipandikizwa msimu mmoja, wengi ni toleo lile lile. Mmoja yuko hapa msibani, Mzee Gebhadi Mapunda wa ofisi ya ng'ambo ya mto, rafiki wa marehemu, walipandikizwa wiki moja.

Nikampigia mkubwa wangu palepale, nikamwambia wazime jibu lile kote, leo. Akauliza likizimwa koki zitakuwaje. Nikamwambia zitajifunga. Akanipa pole ya msiba, akasema tutaliongea Jumatatu.

Ndani wanawake walishasikia kwamba Mhehe amefika. Msiba wa Mngoni bila mtani wake ni kama umefanywa nusunusu, na siku mbili zile walikuwa wamekaa na kilio kitupu. Mjane, Mama Osmunda, alinishika mikono yote miwili akaniambia marehemu alinitaja kila siku mezani, basi nisimwangushe. Wakanivisha koti la kijivu. Lilikuwa bado lina harufu yake.

Nikafanya. Nilitembea kama yeye, nimejipinda nyuma, nikazungusha koki hewani na kuzitukana. Nilipiga meza kwa kiganja. Nikakaa kwenye kiti chake nikawafukuza Wahehe mpaka ng'ambo ya mto. Watu walianza kucheka, wale waliokuwa wamelia tangu jana wakajishika mbavu, na Mama Osmunda akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Basi nikaona ndiyo nafasi. Nikasimama juu ya kiti na koti lake, nikawaambia marehemu hakufa kwa ugonjwa, nimemuua mimi. Nikasema moyo wake ulipiga hodi mwaka mzima, wenzake wote walisikia wakaziba masikio, na mimi Mhehe nikaujibu karibu, ndani hamna mtu. Nikawanyooshea kidole Gaspari na Mama Theofrida, nikasema na hawa ni mashahidi wangu, waulizeni.

Uwanja mzima ulilipuka. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Mzee mmoja akasema ndiyo maana tuliwapiga vitani, wana roho mbaya hawa. Gaspari alikuwa ameinama, na waliokaa jirani naye walimgongagonga mgongoni wakidhani naye anacheka.

Mzee Gebhadi Mapunda alikuwa kiti cha mbele. Alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika kifua, akapumua kwa shida, akaendelea. Mtu aliyekuwa pembeni yake alikuwa anaongea kwa simu na mtu wa mbali, na maongezi yao hayakukatika hata kidogo.

Nilishuka kwenye kiti. Nilivua koti nikalikunja nikampa mjane. Nikajifuta uso, nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule mzee, nikamshika mkono, na kwa sauti yangu mwenyewe, ile ninayoongea na watoto wangu wakiumwa, nikasema, "Baba, sasa sitanii. Kidundo chako hakina kituo. Anayekijibu ni mimi, na ninakidanganya. Nenda hospitali kesho, nakuomba."

Alinitazama. Nilimtazama, sikucheka, machozi yalikuwa yananitoka na niliyaacha yatoke. Akageuka kwa watu, uso umemjaa furaha.

"Jamani," akasema, "mwondoeni huyu mtani hapa, ataniua."